Asidi, jiki na bafu la ghorofa ya 3: uchambuzi wa tathmini moja iliyokosea

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Bafu moja lenye upana wa mita 1.6 na urefu wa mita 2.4, ghorofa ya 3, jengo la zamani lisilo na lifti, Upanga, Dar es Salaam. Mama mwenye nyumba alitaka beseni la kuogea la chuma litolewe, mabomba ya chuma yaliyooza yabadilishwe yawekwe ya plastiki aina ya PPR, choo kipya, vigae vipya ukutani na sakafuni, na shawa ya maji moto. Tulipanga siku 9: mafundi bomba 2, fundi vigae mmoja na saidia fundi mmoja, kijana wa miaka 20 na kitu. Msimamizi nilikuwa mimi, na tathmini ya vihatarishi niliiandika mimi.

Nalisema hilo mwanzoni kabisa kwa sababu asubuhi ya siku ya 3 yule kijana alitoka bafuni anatambaa, macho yamefumba, anakohoa kikohozi cha mtu anayetafuta pumzi asiipate. Karatasi yangu ilikuwa imebandikwa mlangoni, imesainiwa na kupigwa muhuri. Nimeisoma mara nyingi tangu siku hiyo. Haina hata neno moja ambalo lingemsaidia.

Karatasi ya kwanza

Niliiandika jioni, ofisini, kabla sijalikanyaga jengo. Nilichukua tathmini ya kazi iliyotangulia, nyumba mpya ya Mbezi ambayo ilikuwa haijahamiwa na mtu wala kuingizwa umeme, nikabadilisha jina la mteja na tarehe. Ukurasa mmoja na nusu. Jedwali lilikuwa na safu zake zote: kihatarishi, nani anaweza kudhurika, uwezekano, madhara, alama, hatua za kudhibiti. Uwezekano hupewa 1 hadi 5, madhara 1 hadi 5, unazidisha, unapata alama, unapaka rangi, kijani ikiwa hatari ni ndogo.

Mstari wa kemikali ulisomeka hivi: "Gundi ya PVC, saruji, asidi. Uwezekano 2, madhara 3, alama 6. Kijani. Vaa glovu na barakoa. Kuwa makini."

Ile 2 sikuitoa popote. Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote mara ngapi asidi inatumika, inatumika wapi, na nani anaishika. Niliandika 2 kwa sababu 2 inaleta kijani. Barakoa niliyokuwa naifikiria ni ile ya vumbi, na barakoa ya vumbi haizuii gesi hata kidogo. Na "kuwa makini" ni kumtwisha kibarua kazi ambayo ilikuwa yangu. Kwenye safu ya "nani anaweza kudhurika" niliandika neno moja: mafundi.

Ndani ya nyumba ile alikuwamo bibi wa zaidi ya miaka 80 mwenye pumu. Kitanda chake kilikuwa hatua 6 kutoka mlango wa bafu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atathmini vihatarishi vya kazi yake, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wana haki ya kuiomba tathmini hiyo. Wengi wetu tumeielewa nusu tu: tunaandaa kitu cha kumwonyesha mkaguzi. Karatasi yangu ingepita kwa mkaguzi mwenye haraka. Jambo hilo linanitisha kuliko kama ingekataliwa.

Siku ya 1: tesita iliyowaka

Onyo la kwanza lilikuja mapema, nikalipuuza, kwa hiyo nalieleza kwa urefu.

Fundi bomba wetu mkubwa ni mtu wa taratibu. Kabla ya kugonga ukuta alienda kwenye meni swichi ya nyumba, akaizima. Taa zikazimika, friji ikanyamaza. Karatasi ilisema "Zima umeme kabla ya kuanza", naye alikuwa amezima. Lakini kwa mazoea yake mwenyewe, si kwa maagizo yangu, alifungua kifuniko cha boksi la umeme juu ya mlango wa bafu, akagusisha tesita kwenye kila waya. Waya wa kwanza kimya, wa pili kimya. Wa tatu, tesita ikawaka.

Tulikaa karibu saa nzima kuufuatilia. Ulikuwa unatoka kwenye mita ya pamoja ya jengo, ile inayolipiwa na wapangaji wote kwa ajili ya taa za ngazi na pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki juu ya paa. Miaka ya nyuma mtu aliyekuwa anasimamia pampu alikaa kwenye nyumba hii, na swichi yake ikawekwa hapa hapa kwenye korido. Waya ulipita nyuma ya vigae vya bafu, usawa wa kifua, mahali hasa ambapo tungechimba mfereji wa bomba la maji moto. Ungezima meni swichi ya nyumba mara mia, waya ule ungebaki na volti 230 zake.

Hapo pana somo la kuandika tathmini ambalo nilipaswa kulishika siku ileile. "Zima umeme" ni tendo. Kinachomlinda fundi ni kuthibitisha kwamba umeme haupo mahali anapogusa. Kwa hiyo mstari ulipaswa kusema: zima, funga swichi kwa kufuli au toa fyuzi uitie mfukoni, pima kwa kifaa cha ncha mbili (si bisibisi yenye taa peke yake), na kabla na baada ya kupima hakikisha kifaa chenyewe ni kizima kwa kukigusisha penye umeme unaoujua. Halafu swali ambalo sikuwa nimeliuliza kabisa: kuna umeme wa mtu mwingine unaopita humu?

Tulifurahi kwamba hakuna aliyedhurika. Mwenye jukumu la pampu akazima upande wake, kazi ikaendelea. Sikuiandika popote. Karatasi mlangoni ilibaki vilevile, ikisema "Zima umeme kabla ya kuanza".

Siku ya 3: tundu la sakafuni

Yule kijana alipewa kazi ya kusafisha tundu la maji la sakafuni. Lilikuwa limeziba nusu kwa ukoko mgumu wa chokaa, sabuni na nywele, na tulitaka maji ya kazi yapite wakati tunabomoa. Alichukua asidi ya kusafishia vigae, haidrokloriki, ambayo madukani mwetu mara nyingi unaikuta imemiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na maandishi yoyote. Akapiga magoti, akainama, akamwaga.

Chini ya kila tundu la sakafu pana kona ya bomba inayobaki na maji wakati wote ili harufu ya majitaka isipande. Maji yaliyokuwa kwenye kona ile hayakuwa maji matupu. Alfajiri ya siku ile dada wa kazi alikuwa ameamka kama anavyoamka kila siku, akapiga deki, akamwaga jiki chooni na kwenye tundu. Aliniambia baadaye, analia: "Mimi kaka kila siku namwaga. Mama ndiye aliniambia, bafu lisinuke, bibi anaumwa kifua."

Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ile iliyotumiwa vitani Ubelgiji mwaka 1915. Ina uzito wa karibu mara mbili na nusu ya hewa, kwa hiyo hailali darini. Inajaa kutoka sakafuni. Na yeye alikuwa amepiga magoti, uso hatua moja kutoka kwenye tundu, ndani ya chumba cha mita za mraba zisizofika 4 chenye dirisha moja la luva lililofungwa ili vumbi letu lisiende kwa jirani. Kufunga dirisha lilikuwa agizo langu. Lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi.

Alijitupa nje mwenyewe. Fundi wa pili alinyakua ndoo ya maji akataka kurudi ndani "kuizimua". Nilimshika mkono, na katika siku ile yote hilo ndilo jambo pekee la maana nililolifanya: hakuna anayerudi. Tulifunga mlango wa bafu, tukafungua madirisha yote ya sebuleni, tukambeba bibi na kiti chake hadi roshani ya upande wa pili. Alikuwa ameanza kukohoa. Aliuliza kama kuna moto.

Kijana tulimpeleka hospitali. Walimpa oksijeni, wakamweka chini ya uangalizi hadi usiku, kwa sababu mapafu yaliyoguswa na klorini yanaweza kuanza kujaa maji saa kadhaa baadaye, wakati mgonjwa mwenyewe anasema yuko sawa na anataka kwenda nyumbani. Alipona. Bili niliilipa mfukoni, nikiwa najua kwamba kijana huyu namlipa kwa kutwa na jina lake halipo kwenye orodha yoyote ofisini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, WCF, umewekwa kwa sheria ya mwaka 2008 kwa ajili ya mtu aliyeumia kazini. Lakini mtu ambaye hujamwandika popote unaanzaje kumdaia haki yake huko? Nimeliweka swali hili ndani ya uchambuzi wa tathmini kwa makusudi. Tathmini yenye safu ya "nani anaweza kudhurika" inapaswa kuanza kwa kuwajua walio kazini kwa majina.

Kosa lilikuwa wapi

Wepesi wa kwanza ni kumlaumu kijana, wa pili ni kumlaumu dada. Niliusikia ukisemwa kwenye ngazi za jengo siku ileile. Lakini ukimtazama kila mmoja peke yake, huoni kosa. Dada alifanya usafi aliofundishwa, kwa dawa inayouzwa kwa kazi hiyo. Kijana alitumia asidi kwa kazi ambayo mafundi wengi wanaitumia. Kila kimoja kingekaa peke yake, siku ingepita kama siku nyingine. Madhara yalikuwa pale walipokutana, ndani ya kona ya bomba ambayo hakuna kati yao aliyeiona.

Fundi bomba yeyote anajua jambo hili kwa mikono yake. Bomba zima halivuji katikati. Linavuja kwenye kiungo. Nikikagua laini mpya sipotezi muda kupapasa bomba lililonyooka, naenda kwenye elbo, kwenye tii, kwenye koki. Lakini nilipoandika tathmini nilifanya kinyume: nilitaja vitu kimoja kimoja, umeme, kemikali, ngazi, vumbi, kila kimoja kwenye kisanduku chake, na sikuangalia popote vinapoungana. Waya wa pampu ulikuwa kiungo kati ya nyumba moja na jengo zima. Jiki ilikuwa kiungo kati ya kazi ya ndani na kazi ya fundi. Dirisha lililofungwa lilikuwa kiungo kati ya udhibiti mmoja na mwingine: nililinda jirani na vumbi nikamnyima kijana hewa.

Kuna la pili, nalo liliniuma zaidi. Tundu lile la sakafuni lilikuwa kwenye orodha ya vitu vya kung'olewa. Siku ya 4 tungelikata na kuweka jipya. Asidi haikuhitajika kabisa! Kama ningekaa na mafundi nikapanga mfuatano wa kazi, mmoja wao angesema, "Bosi, hilo si linatoka kesho?" Tungeliziba kwa gunia na kuchota maji ya kazi kwa ndoo siku moja. Wanaofundisha usalama kazini hupanga hatua za kudhibiti kwa daraja: kwanza ondoa kihatarishi, ukishindwa badilisha kwa kilicho hafifu, kisha tenga watu nacho, kisha panga utaratibu, na vifaa kinga viwe mwisho. Mimi nilianzia mwisho nikaishia hapohapo, glovu na barakoa, wakati daraja la juu kabisa lilikuwa wazi na lingetugharimu gunia.

Karatasi ya pili

Nilisimamisha kazi siku moja na nusu. Mama mwenye nyumba hakufurahi, na alikuwa na haki yake. Bafu halipo, mgonjwa yupo. Nikamwambia, "Mama, nipe kesho asubuhi, wote tukae humu ndani." Tulikaa. Mimi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mafundi wamesimama, dada mlangoni, mama kwenye korido, na kijana wa ghorofa ya 4 tuliyemwita ashuke kwa sababu bomba lake la majitaka linapita kwetu. Nilimwamkia bibi kupitia mlango wa chumba chake nikamuuliza usiku anaamka saa ngapi kwenda msalani. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza.

Hatukuanza na orodha ya hatari. Tulianza na kazi, hatua moja hadi nyingine: kubomoa vigae, kutoa beseni, kuchimba ukuta, kukata mabomba ya zamani, kuunga mapya, kujaza maji na kupima, plasta, vigae, kufunga choo na shawa, kukabidhi. Kwa kila hatua niliuliza maswali 3. Nini kitatoka hapa, iwe vumbi, maji, moto, mvuke au kitu cha kuanguka? Nani yuko karibu wakati huo? Na nani mwingine anagusa kitu hikihiki, leo au jana usiku? Swali la tatu ndilo lililoleta karibu kila kitu ambacho karatasi ya kwanza haikuwa nacho.

Kijana wa ghorofa ya 4 alituambia kwamba wao hushusha maji ya choo sana asubuhi kati ya saa 12 na saa 2, watoto wanajiandaa kwenda shule. Sisi tulipanga kukata bomba la inchi 4 saa 1 asubuhi. Fikiria fundi amelala chali chini ya bomba lililo wazi, na choo cha juu kinavutwa. Tukahamisha ukataji hadi saa 4, yeye akakubali kuwazuia wa kwao na wa ghorofa iliyo juu yao kwa dakika 40, na tukawa na kizibo tayari cha kupachika mara tu bomba linapokatwa. Hilo halikugharimu shilingi.

Beseni la chuma. Karatasi ya kwanza ilisema "Beba watu 4". Watu 4 na beseni la zaidi ya kilo 100 kwenye ngazi nyembamba zenye kona 6, ambapo watu 2 wa chini ndio wanabeba karibu uzito wote. Fundi mkubwa akasema livunjwe humo humo. Chuma cha aina ile hakipindi, kinapasuka vipande vyenye makali, kwa hiyo: blanketi nzito juu yake, nyundo kubwa, mtu mmoja tu ndani, miwani inayofunika pembeni, vizibo vya masikio, mikono mirefu. Vipande vikashuka ndani ya viroba, hakuna kilichozidi uzito wa mtu mmoja kubeba bila kujipinda. Kelele ilidumu dakika 25. Tulimpa bibi taarifa, dada akamshusha chini kwa jirani.

Vumbi lilitusumbua zaidi. Vigae, plasta na zege vina silika, na ukikata kikavu kwa grainda ndani ya chumba kidogo unavuta vumbi laini sana ambalo mapafu hayalitoi tena. Dawa inayojulikana ni kukata kwa maji. Lakini grainda ya umeme na maji kwenye sakafu ya saruji mbichi na miguu iliyolowa? Hapo tena viungo viwili vinakutana, na ukiandika "kata kwa maji" kwenye mstari wa vumbi bila kuangalia mstari wa umeme, umemtoa fundi kwenye ugonjwa wa polepole ukampeleka kwenye kifo cha haraka. Fundi vigae alilimaliza mwenyewe: mikato yote iliyonyooka kwa mashine ya mkono ya kuvunjia vigae, ambayo haina umeme wala vumbi la kutaja, mikato ya kona na matundu ya koki, kwa grainda, nje kwenye ua, upepo mgongoni, na barakoa nzito ya kiwango cha FFP2 iliyobana uso. Alipanda na kushuka ngazi zaidi, nasi tukamwongezea saidia wa kupandisha vigae.

Nyuma ya choo palikuwa na bomba la kijivu la kupumulia, limepanda hadi paani, gumu kama saruji na lenye nyuzi nyuzi pale lilipochubuka. Mabomba mengi ya saruji ya zama zile yalichanganywa na asbestosi, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Kuliangalia tu hakutoshi kujua, kwa hiyo tathmini ilichukulia kwamba ni asbestosi: halikatwi, halipigwi msasa, halitobolewi, na tunaunga kwenye kiungo kilichopo bila kuligusa shina. Tulibadilisha mchoro wa bafu kwa sentimita 12 ili tulikwepe. Mama aliuliza kwa nini choo kimesogea, nikamweleza, akasema, "Heri kisogee."

Mengine yalikuwa mafupi. Mashine ya kuunga PPR inafika nyuzi 260, kwa hiyo ina kitako chake, haiwekwi sakafuni, na waya wake haupiti njiani. Gundi ya PVC inafunguliwa dirisha likiwa wazi na hakuna anayewasha kitu. Laini mpya inapimwa kwa maji na pampu ya mkono, kamwe si kwa hewa ya kompresa, maana hewa iliyobanwa ikiachia kiungo hukirusha kama risasi. Chemba iliyo chini ya ngazi inafunguliwa kutoka juu tu. Hakuna anayeingiza kichwa wala kushuka, hata kama kilichoanguka ni simu, kwa sababu gesi ya majitaka ikizidi inaua pua kwanza, unadhani harufu imeisha.

Na kemikali? Mstari ule ulibadilika ukawa hivi: "Asidi: haiingii kwenye nyumba hii. Ukoko unatolewa kwa tindo na brashi ya waya. Jiki na dawa zote za choo: dada amezihamishia kabati la jikoni hadi siku ya kukabidhi, usafi wa bafu kwa maji na sabuni. Dirisha la luva: wazi muda wote mtu akiwa ndani, vumbi linazuiwa kwa turubai mlangoni na kwa kulowesha."

Alama za kuzidisha niliziondoa. Kwenye mradi mkubwa wenye vihatarishi mia mbili zinasaidia kupanga kipi kwanza. Kwenye bafu moja naona zinanipa mahali pa kujificha. Badala yake, safu ile niliipa kichwa "Kwa nini tunaamini hii inatosha", na pale nilipokosa la kuandika, kazi haikuanza.

Shawa

Palibaki shawa ya maji moto, na hapo tuligombana kidogo na mwenye nyumba. Ile ya zamani ilikuwa ya wati 5,500. Gawanya kwa volti 230, ni karibu ampea 24. Ilikuwa imeungwa kwenye waya wa taa wa milimita za mraba 1.5, bila waya wa ardhi, na breka iliyokuwa ikikatika ilibadilishwa na mtu akaweka kubwa zaidi ili isikatike. Plastiki ya waya ilikuwa imegeuka kahawia ndani ya boksi. Bibi alikuwa anaogea hapo.

Mama alitaka shawa mpya ifungwe palepale kwa waya uleule, kwa kuwa "imefanya kazi miaka yote". Nilikataa. Si kazi ya fundi bomba kuvuta waya, lakini bomba la maji linalofika kwenye shawa nimelifunga mimi, na mtu atasimama chini yake akiwa ameloa. Tuliandika kwenye tathmini kwamba hatua ya kufunga shawa haianzi hadi fundi umeme mwenye leseni avute laini ya peke yake kutoka kwenye meni: waya wa milimita za mraba 6, breka ya ampea 32, waya wa ardhi uliopimwa, na kifaa cha kukata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Iliongeza gharama na siku 2. Siku 9 zikawa 13.

Kijana alirudi siku ya 7. Sasa jina lake lipo ofisini. Nilimpa karatasi ya pili aisome kabla hajasaini, akauliza kwa nini mstari wa jiki umeandikwa na dada kwa mwandiko wake. Nikamwambia kwa sababu yeye ndiye aliyejua.

Waya wa pampu tumeuondoa kwenye bafu hili, umepita korido ndani ya bomba lake na swichi imeshushwa chini kwenye chumba cha pampu. Lakini unaendelea ukutani hadi ghorofa ya 2, nyuma ya vigae vya bafu la jirani, usawa uleule wa kifua. Nimewachorea wapangaji mchoro wake, nikaubandika kwenye ubao wa ngazi na nakala nikamwachia anayekusanya hela ya pampu. Jirani wa ghorofa ya 2 ameniambia ana mpango wa kubadilisha vigae baada ya Ramadhani. Sijui atamwita fundi gani.